Gari la Inosi Lililomtetemekea Chifu

Kwenye barabara kuu gari la marehemu Inosi lilikuwa linateleza kama limepakwa mafuta ya nazi. Balaa lilianza likiingia kijijini Nasavuki. Likipunguza mwendo tu, basi! Viti vinatetemeka, milango inatetemeka, na shangazi wa watu aliyekaa nyuma na kikapu chake cha magimbi anatetemeka mashavu mpaka maneno yanamtoka vipande vipande.

"We U-u-unaisi, ga-a-ari lako li-i-ina ni-i-ini?"

"Barabara mbaya, shangazi," Unaisi anajibu, macho mbele, huku barabara yenyewe imelala safi kabisa.

Na Nasavuki mwendo mdogo haukwepeki. Ukiingia kijijini unavua kofia, unashusha kioo, unatambaa. Ukimtimulia vumbi chifu akiwa barazani kwake, utasemwa wewe, atasemwa mama yako, na wajukuu wako watakuja kuulizwa. Kwa hiyo kila jioni Unaisi akirudi kutoka mjini Labasa na ile teksi nyeupe aliyoachiwa na baba yake, wazee waliokaa karibu na nyumba ya chifu walikuwa wanaona jambo lile lile. Gari linakuja polepole, linafika mbele ya chifu, linatetemeka kama mtu mwenye homa.

"Mnaona?" akasema Baba Mdogo Sakeasi, mdogo wake marehemu, mtu wa kupenda ishara kuliko chakula. "Kaka hataki. Anakataa gari lake kuendeshwa na mtoto wa kike. Anatuambia mbele ya chifu, tena kila siku, nasi tumekaa tu!"

Kwa maoni ya Baba Mdogo, marehemu alitaka gari liende kwa Eroni. Eroni ni nani? Ni mwanawe Baba Mdogo, bila shaka. Kijana mwenye roho nzuri, siwezi kumsingizia, lakini ndiye aliyeegesha lori la miwa mtoni akashuka kununua sigara, na lori likaendelea na safari lenyewe.

Marehemu alikuwa amemkabidhi Unaisi ufunguo kwa mkono wake, kitandani, mama mtu akiona. Tangu Unaisi hajafikisha miguu kwenye klachi, Inosi alikuwa anampakata na kumshikisha usukani kwenye njia za mashamba ya miwa. Binti alilijua lile gari kwa sauti. Ndiyo maana ule mtetemeko ulimuuma kama tusi.

Tena ulianza ghafla. Ulianza siku moja baada ya karamu ya usiku wa mia, ile ya kuondoa matanga, ambapo watu walinyoa ndevu walizofuga kwa kumlilia Inosi, na mama yake Unaisi, Mereoni, akala nyama ya nguruwe aliyokuwa amejinyima muda wote. Karamu ilifana. Kitu kimoja tu kilipwaya: Mzee Jolame.

Jolame alikuwa dereva wa teksi ya kijani, mtu wa Vunidogo, kijiji cha mikokoni. Watu wa Vunidogo na wa Nasavuki ni tauvu, maana yake watani, tena utani wa mababu, usio na breki. Mtani wako anaweza kuingia kwako akachukua kuku, akachukua sufuria kuku akiwemo ndani, na wewe huna ruhusa ya kununa. Unacheka, halafu unapanga lako. Ukinuna, umewaaibisha mababu zako na kuku hurudishiwi.

Kwa miaka na miaka, kila asubuhi kwenye kituo cha teksi pale Labasa, Jolame alikuwa anatoa kichwa dirishani na kupaza sauti: "Mla viazi! Bado hujapasuka?" Maana watu wa Nasavuki wanasifika kwa viazi vitamu na matokeo yake. Na Inosi anajibu kituo kizima kisikie: "Nasubiri kaa wako akutafune kwanza!" Maana Vunidogo wanakula kaa mpaka wanatembea upande. Bila maneno hayo hakuna abiria aliyehesabu kwamba kumekucha.

Sasa kwenye matanga mtani ndiye anayetegemewa kuwachekesha wafiwa. Watu wakakaa wakimsubiri Jolame aanze vituko. Hakuanza. Alikaa mkekani, akanywa bakuli lake la yaqona, kile kinywaji cha mizizi, akainamisha kichwa, akasema anakwenda kuangalia gari lake, na hakurudi. "Masikini," wakasema watu, "kifo cha Inosi kimemmaliza."

Kesho yake gari la Inosi likaanza kutetemeka.

Baada ya wiki kadhaa za mtetemeko, familia ikakaa kupanga harusi ya Litia, mdogo wake Unaisi. Nani atambeba bibi harusi kutoka nyumbani hadi kanisani, kupitia mbele ya chifu?

"Gari la baba," akasema Unaisi.

"Litetemeke na bibi harusi ndani?" Baba Mdogo akaweka bakuli chini. "Mwanangu, hata aibu ina kiasi."

"Halitatetemeka!"

"Na likitetemeka?"

Hapo ndipo Unaisi alipotakiwa kunyamaza. Lakini hasira zilikuwa zimempanda, na Eroni alikuwa anatabasamu. Akachomoa ufunguo kwenye kibindo cha shuka lake akaupiga mkekani.

"Likitetemeka mbele ya chifu siku ya harusi, ufunguo huu mpe Eroni, na mimi nitapanda nyuma kama mzigo!"

Watu wakapiga makofi, na maneno yakawa yamethibitishwa mbele ya bakuli. Mereoni akamtazama mwanawe kwa jicho lile la mama, na Unaisi akatamani kuukata ulimi wake aufukie.

Fundi wake alikuwa Suruj, pale nyuma ya soko la Labasa. Suruj ana sauti kubwa na moyo mkubwa, na haamini kitu ambacho hajakisikia mwenyewe. Alichukua gari, akalipeleka barabara kuu, akalikanyaga mpaka miwa ikawa ukuta wa kijani pande zote mbili, akarudi akiimba.

"Dada yangu, gari hili zima kuliko mimi!"

"Linatetemeka, kaka Suruj."

"Wapi? Nimekwenda mbio, limetulia kama mtoto aliyeshiba!"

"Mbio halitetemeki. Linatetemeka polepole."

"Sasa nani anaendesha gari polepole?" akauliza Suruj, kwa mshangao wa kweli kabisa.

Hata hivyo alibadilisha plagi. Akabadilisha raba za kushikia injini. Akabalansi magurudumu ya mbele, akasafisha breki, kila mara akilijaribu barabara kuu, mbio, akiimba. Na kila mara Unaisi akirudi Nasavuki mtetemeko unamwanza darajani na kumwacha mlangoni kwao.

Kituoni nako kulikuwa na mtihani wake. Kila asubuhi Mzee Jolame alikuwa anamsogelea, mikono nyuma, na kumuuliza kwa adabu iliyopitiliza, "Gari linaendeleaje, binti?"

Unaisi angekufa kuliko kukiri mbele ya madereva wanaume. "Zuri tu, mzee. Ahsante."

"Halina shida yoyote?"

"Hakuna shida, mzee."

Jolame anatikisa kichwa, anarudi kwenye teksi yake mabega yameshuka. Unaisi alidhani mzee anamwonea huruma, na huruma ile ilimkera kuliko hata Baba Mdogo.

Wakati huo huo, jambo jipya likazuka kijijini. Bibi Kelera, ambaye mgongo wake ulikuwa unajulikana kuliko jina lake, alipanda nyuma siku moja kutoka daraja hadi kanisani. Aliposhuka alinyooka. Alisimama wima katikati ya njia, akajishika kiuno, akapiga ukelele. "Jamani! Nimepona!" Kufika kesho yake kulikuwa na kina mama watano wamejipanga darajani na mito yao.

"Zungusha tena, mwanangu! Hapo hapo! Usikanyage mafuta, utaharibu!"

"Bi-i-ibi Ke-e-elera, so-o-ogea na mi-i-imi!"

Walikuwa wanacheka mpaka machozi, na Unaisi, pamoja na shida zake zote, hakubaki na mbavu. Alizunguka kijiji mara mbili na shehena ile ya mabibi wanaotikisika. Mzunguko wa pili, Mereoni akaomba akae mbele, nyuma kumejaa.

"Mbona mimi huku sipati chochote?" akalalamika Mereoni. "Wenzangu huko wanapepetwa, mimi nimekaa kama gunia."

Unaisi akafunga breki. "Mama, umesemaje?"

"Nimesema huku mbele hakuna kitu! Nirudishie nafasi yangu nyuma!"

Unaisi alitazama mikono yake mwenyewe kwenye usukani. Usukani ulikuwa umetulia. Siku zote ulikuwa umetulia! Waliotikisika ni wa nyuma. Na Suruj, Mungu amsamehe, alikuwa amekazana mbele.

Akawashusha mabibi, wakashuka wakinung'unika, akachota beseni la maji kwa jirani na kumpakatisha mama yake kwenye kiti cha nyuma. Hiyo ilikuwa Ijumaa asubuhi, na harusi ni kesho.

"Mama, tazama maji. Niambie yanavyofanya."

"Yananimwagikia, ndivyo yanavyofanya!"

Wakashuka kilima cha kanisa. Katikati Unaisi akatoa gia, gari likawa linajiendea lenyewe, injini inanguruma chini chini tu.

"Sasa?"

"Yanacheza vile vile! Paa! Paa! Paa! Nimelowa mpaka pasipotajika!"

"Si injini!" Unaisi akapiga usukani kwa kiganja. "Mama, si injini wala si gia! Ni gurudumu la nyuma!"

"Hongera," akasema Mereoni, beseni likiwa tupu. "Nipe taulo."

Suruj safari hii hakuruhusiwa kwenda barabara kuu. Unaisi alisimama mbele ya gari, mikono kiunoni, hadi fundi akaleta jeki. Wakainua upande wa kushoto, wakazungusha gurudumu, Suruj akashikilia chaki karibu kabisa na tairi. Chaki ikachora mstari mzuri, tairi zima. Wakainua wa kulia. Chaki ikachora, ikachora, ikakosa. Ikachora, ikachora, ikakosa. Pale ilipokosa tairi lilikuwa limebonyea kama mkate uliokaliwa.

"Arre!" Suruj akatupa chaki. "Tairi hili limesimama mahali pamoja miaka! Gari hili si linatembea kila siku? Limebonyea lini?"

Akabandua kile kifuniko cha ringi cha kung'aa ambacho Inosi alikuwa anakipiga kitambaa kila Jumamosi. Ringi za gari la Inosi ni nyeupe, zote. Iliyokuwa chini ya kifuniko ilikuwa ya kijani. Na katikati, limechomekwa vizuri baina ya nati mbili, palikuwa na gando la kaa, kavu, limeelekea juu kama mtu anayesalimia.

Unaisi alilitazama gando. Gando likamtazama. Kisha alikaa chini kwenye oili, sketi nzuri na yote, akacheka mpaka Suruj akamletea maji.

Alifika kituoni mchana ule kwa kishindo, kijani ya ringi ikionekana wazi kwa kuwa kifuniko alikuwa amekishika mkononi. Jolame alikuwa anakula karanga kwenye boneti yake. Unaisi akasimama mbele yake na kumtupia gando kifuani.

"We mzee wa matope! We mtembea upande, mwizi wa magurudumu ya wafiwa! Wiki zote hizi nahangaika, fundi amefungua gari mpaka roho, wazee wanasema baba yangu ananikataa kaburini, kumbe ni wewe, pua kama kaa aliyechemshwa mara mbili! Huna haya? Mababu zako walikuwa wanaiba kuku, wewe unaiba gurudumu!"

Madereva wakatoa vichwa madirishani. Jolame aliweka karanga chini polepole. Uso wake ulianza kucheka, halafu ukaharibika njiani, na machozi yakamtiririka ndevuni.

"Tukana tena," akasema.

"Nini?"

"Tukana tena, binti, nakuomba. Ile ya kuchemshwa mara mbili, irudie." Akajifuta kwa kofia. "Tangu Inosi afe hakuna aliyenitukana. Nikifika hapa wananiambia shikamoo mzee, pole mzee, kaa kivulini mzee. Miaka yote nilikuwa natukanwa kila asubuhi na mtu anayejua kutukana! Usiku ule wa karamu nikajiuliza, je, na utani nao tumeufukia? Nikasema ngoja nimchokoze mtoto wake. Nikachukua lako zima, nikakupa la lile gari langu bovu lililoota maboga nyuma ya nyumba. Nikangoja uje. Kila asubuhi nakuuliza, gari linaendeleaje. Nawe unanijibu, zuri tu mzee, ahsante!" Alilitoa lile neno 'ahsante' kama mtu anayetema mwiba. "Nikajua basi, utani umekwisha."

Hasira zilimwishia Unaisi pale pale. Alitaka kumkumbatia, lakini mtani hakumbatiwi hivi hivi.

"Gurudumu langu liko wapi?" akauliza.

Jolame akapigapiga ubavu wa teksi yake. "Hapa nyuma. Linakwenda vizuri sana, ahsante. Njoo ulichukue, kama baba yako alikufundisha."

"Na la kwako? Hulitaki?"

"Si mali yangu? Utanirudishia."

"Utarudishiwa, mzee," akasema Unaisi kwa adabu kubwa, akainama kuokota gando lake. "Usijali kabisa."

Jioni ile Jolame alikuwa Nasavuki kwenye yaqona ya kuwapokea wageni wa harusi. Alikaa mkekani, amechangamka, anawatukana wenyeji mmoja mmoja kwa kufidia muda uliopotea. Nje, nyuma ya teksi ya kijani, Suruj alikuwa anashika nati na Unaisi anashika spana, na Mereoni amesimama mlangoni akiimba tenzi kwa sauti kubwa kila spana ilipolia.

Asubuhi Baba Mdogo Sakeasi alitoa agizo. Yeye hapandi gari la Unaisi. Yeye atapanda gari la nyuma yake, ili aone kwa macho yake likitetemeka, asije akaambiwa kazua. Gari la nyuma lilikuwa la Jolame. Kiti cha mbele kilikuwa na mikeka ya mahari, kwa hiyo Baba Mdogo akakaa nyuma, shati jipya, macho mbele, Eroni ubavuni.

Kwa Unaisi walipanda Litia na Mereoni, na katikati yao keki ya ghorofa tatu, juu yake bwana na bibi harusi wa sukari wamesimama wima. Unaisi alijua gurudumu ni lake, nati alikaza mwenyewe, lakini walipokaribia nyumba ya chifu aliushika usukani kwa mikono miwili. Akatambaa. Chifu alikuwa amesimama barazani na mkewe. Mbele ya chifu kabisa Unaisi akatupa jicho kwenye kioo, akawaona wale wadogo wa sukari. Hawakutikisika hata mguu.

Ghafla nyuma yao pakatokea makelele.

"Li-i-ina-te-te-me-ka! Mna-o-ona? Ga-a-ari la U-u-unaisi li-i-ina-te-te-me-ka!"

Baba Mdogo Sakeasi alikuwa ametoa kichwa na mkono dirishani, anaelekeza kidole mbele, na kidole kinaruka, kofia inaruka, mashavu yanaruka, na Eroni ubavuni kwake anaruka kama mahindi kikaangoni. Msafara ukasimama. Watu wakatazama gari la mbele, limetulia. Wakatazama la nyuma.

"Sakeasi," akasema mke wa chifu, "anayetetemeka ni wewe."

Kicheko kilichotoka hapo kiliwatoa popo mitini. Chifu mwenyewe, mtu ambaye watoto huamini hana meno kwa kuwa hawajayaona, aliinama akishika magoti. Bibi Kelera akapenya na mto wake kuulizia nafasi.

Jolame aliruka nje ya gari lake, akazunguka nyuma, akabandua kifuniko cha ringi. Ringi ya kijani, na gando limechomekwa baina ya nati, linasalimia. Kisha akajaza kifua na kupaza sauti, na alichokitoa kilisikika mpaka darajani.

"Mla viazi! Bado hujapasuka?"

Unaisi akatoa kichwa dirishani, shada la maua limemwangukia jicho moja.

"Nasubiri kaa wako akutafune kwanza!"

Mereoni alishika keki kwa mikono miwili, machozi yakamdondoka kwenye sukari. "Nimemsikia," akasema. "Jamani, nimemsikia baba yenu." Litia akamwomba asilie juu ya keki, kisha naye akalia juu ya keki.

Wakaenda kanisani polepole, mwendo wa heshima. Wakati wa kurudi Baba Mdogo Sakeasi alifungua mlango wa gari la Unaisi, akaingia, akakaa nyuma.